Maswali yanayoulizwa sana: kufanya miguu ya gari ya spoti ili itulie kwenye kona na ikae chini

Wakuu, haya maswali nimeyajibu moja moja mpaka vidole vimechoka, nikaona bora niyaweke sehemu moja. Mimi sio injinia, ni mtu ambaye amefungua na kufunga miguu (springi, shokapu na mikono inayoshika tairi) ya kupe yake mwenyewe, ile gari ya milango miwili, mara nyingi kuliko inavyotakiwa, na karibu kila kosa utakaloliona humu nimeshalifanya. Nitatumia maneno ya gereji, yale yasiyojulikana sana nitayaeleza tukifika.

Nina bajeti ya kitu kimoja tu kwa sasa. Nianze na springi, shokapu au stabilaiza (fito ya kuzuia gari isilale upande)?

Anza na tairi. Najua hukuuliza tairi, ila ndo jibu lenyewe. Gari nzima inashikwa na vipande vinne vya mpira, kila kimoja kinakaribia ukubwa wa kiganja, na vitu vingine vyote unavyotaka kununua kazi yake ni kuvisaidia hivyo vipande vikae vizuri chini. Ukifunga koilova (springi na shokapu kama kitu kimoja, unapandisha na kushusha) za maana juu ya tairi ngumu zilizokauka, gari itateleza vilevile, tofauti ni kwamba itateleza ikiwa chini.

Tairi zikiwa nzuri, kagua vilivyochakaa kabla hujanunua vipya vya kuongeza. Piga jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini utikise, ikicheza basi beringi au boljointi (kile kiungo cha mviringo kinachoshika mguu wa tairi) imeanza kuchoka. Halafu shika kushoto na kulia utikise, ikicheza hapo angalia tairodi endi, ncha ya ile fito ya usukani inayogeuza tairi. Kisha ingia chini na mtaimbo, sukuma ile mikono ya chini taratibu huku ukiangalia bushi, ile mipira ya kwenye viungo vya mikono, raba iliyopasuka utaiona inafunguka kama mdomo. Gari ya miaka kumi na kitu ikibadilishiwa bushi zote, boljointi na shokapu za kiwango kilekile cha kiwandani, dereva anashuka anauliza umeifanyia nini. Watu wengi wanaosema gari yao haina handling nzuri, yaani haitii usukani na haitulii kwenye kona, hawajawahi kuiendesha ikiwa nzima.

Kwani kushusha gari kunasaidia kweli kwenye kona au ni urembo tu?

Kunasaidia, ila kidogo kuliko watu wanavyodhani, na hii naomba tuipigie hesabu kwasababu ndo inaondoa ubishi wote.

Chukua gari ya kilo 1200, kitovu cha uzito wake kiko sentimita 50 juu ya ardhi, na upana kutoka katikati ya tairi la kushoto mpaka la kulia ni sentimita 150. Ikikata kona kwa nguvu inayolingana na uzito wake wenyewe, yaani ile wanaita ji moja, uzito unaohama kutoka tairi za ndani kwenda za nje ni 1200 mara 50 gawanya kwa 150, unapata kilo 400. Sasa shusha kitovu sentimita 3, kinakuwa 47, piga tena hesabu unapata kilo 376. Umeokoa kilo 24, asilimia 6 basi. Ni faida ndiyo, maana tairi ikiongezewa mzigo haiongezi kushika kwa kiwango kilekile, kwahiyo tairi mbili zilizobeba mzigo unaokaribiana zinashika zaidi ya moja iliyolemewa na nyingine inayoelea. Lakini asilimia 6 sio kitu ambacho utakisikia kiti kinakwambia.

Sasa kwanini gari iliyoshushwa inasikika tofauti kabisa? Kwasababu springi za kushushia ni ngumu zaidi, gari hailali sana upande, usukani unajibu haraka. Kwa hiyo sifa nyingi tunazoupa urefu wa gari ni za ugumu wa springi.

Basi nishushe kiasi gani?

Hapa ndo pa kukaa kidogo, maana ndo panapoharibu magari mengi.

Gari ikiwa imesimama kwenye sakafu iliyonyooka, chungulia nyuma ya tairi la mbele uangalie ule mkono wa chini unaotoka kwenye chasisi kwenda kwenye tairi, mafundi wanauita kontroli ami. Kwenye gari nyingi zikitoka kiwandani mkono huu unashuka kidogo ukielekea tairi, au uko karibu na usawa. Ukishusha gari, upande wa tairi unapanda. Ukifika usawa bado uko salama. Ukianza kuinuka kuelekea tairi, umeshavuka, hasa kama gari yako inatumia strati ya MacPherson (nitaieleza swali linalofuata).

Gari ikilala kwenye kona inazunguka kwenye nukta fulani ambayo mahali ilipo inategemea mikono imekaaje. Kwenye strati ukishusha gari sentimita 3, kitovu cha uzito kinashuka karibu sentimita 3, ila ile nukta inashuka zaidi ya hapo, wakati mwingine inaenda mpaka chini ya ardhi. Umbali kati ya hizo mbili unaongezeka, na huo umbali ndo wenzo unaoilaza gari. Kwahiyo umeshusha gari ili isilale halafu umeiongezea nguvu ya kulala, na dawa inakuwa ni kuweka springi ngumu zaidi kufidia tatizo ulilolitengeneza mwenyewe. Pia mkono ukiwa umeshainuka, kila tairi inavyozidi kupanda kwenye kona inavutwa ndani kwa chini, inasimamia ukingo wa nje, wakati wewe ulitaka ikae bapa.

Kuna la tairodi pia. Tairodi na mkono wa chini vilipangwa vizunguke kwa pamoja, ukishusha sana vinaachana, matokeo yake ukipita kwenye tuta au shimo usukani unajigeuza bila wewe kuugusa. Kwenye mwendo mkubwa hiyo kitu inatisha.

Kwa gari nyingi za spoti milimita 20 mpaka 30 kutoka urefu wa kiwandani panatosha. Ukitaka kushuka zaidi tafuta boljointi ndefu na tairodi endi za kurekebisha, ambazo zinarudisha mikono kwenye pembe yake huku mwili ukibaki chini. Mimi kwenye yangu nilienda milimita 50 kwa mkupuo. Ikiwa imesimama ilikuwa inapendeza, jamani, nilikuwa nageuka kuiangalia kila nikiipaki. Kona ya kwanza yenye mawimbi kidogo, tairi la nje likagonga ile mipira ya kuzuia shokapu isigonge mwisho, mbele ikaacha kushika papo hapo, gari ikaenda moja kwa moja kama vile sijageuza usukani. Wiki iliyofuata nikaipandisha sentimita 2 na ikawa na kasi zaidi kwenye kona zilezile.

Strati na wishibon tofauti yake nini, na yangu ni ipi?

Strati ni ile shokapu nene iliyosimama, springi imeizunguka, juu imefungwa kwenye mwili, chini kuna mkono mmoja. Ukifungua boneti ukaona vichwa vyake vya duara vimefungwa na nati tatu au nne pembeni, mara nyingi ndo hiyo. Imepewa jina la Earle MacPherson, injinia wa Kimarekani, na iliingia kwa wingi sokoni na Ford Consul ya Uingereza mwaka 1950. Wishibon ina mikono miwili, wa juu na wa chini, na inaishika tairi vizuri zaidi ikipanda na kushuka. Mazda MX-5 ilipotoka 1989 ilikuwa na wishibon kona zote nne. Toyota 86 na ndugu yake Subaru BRZ za 2012 zina strati mbele na wishibon nyuma.

Asikutishe mtu kwamba strati ni ya magari ya bei rahisi. Porsche 911 za barabarani zimekaa na strati mbele tangu miaka ya 1960, na mpaka GT3 ya 2021 ndipo wakaweka wishibon mbele. Ila strati haisamehi sana ukiishusha hovyo, ndo maana nimesema yale ya juu.

Si nikate springi koili moja tu, kuna ubaya gani?

Ubaya upo, mkuu. Kwanza watu wanadhani springi ikikatwa inakuwa laini, hapana, inakuwa ngumu zaidi kwa sababu waya unaojikunja umepungua, lakini hujui imekuwa ngumu kiasi gani na kushoto inaweza isifanane na kulia. Pili ile ncha uliyokata haikai vizuri kwenye sahani yake. Tatu, na hili ndo baya, springi imekuwa fupi, gari ikiruka kidogo tairi ikaning'inia springi inalegea na inaweza kuhama mahali pake ikirudi chini. Kuhusu wale wanaoichoma na moto ili ilale, wanaua ile chuma yenyewe, inaendelea kulala hata ukiwa umelala wewe.

Springi za kushushia zilizotengenezwa kiwandani zimehesabiwa ili zibaki zimebanwa hata tairi ikining'inia kabisa. Hiyo tofauti huioni kwa macho.

Springi za kushushia au koilova kamili?

Kama gari ni ya kila siku, unataka ikae chini sentimita 2 na nusu, ipunguze kulala, na hutaki kuichokonoa kila wikiendi, chukua springi za kushushia na shokapu mpya zinazoendana nazo. Nimesema shokapu mpya. Kufunga springi ngumu na fupi kwenye shokapu za zamani zilizotembea kilomita laki moja ni kuzimaliza, maana springi ngumu inarudi kwa nguvu zaidi na shokapu iliyochoka haiwezi kuizuia, gari inadundadunda kama mpira.

Koilova ni springi na shokapu kama kitu kimoja chenye uzi wa kupandisha na kushusha. Faida yake kubwa ni kuchagua urefu, kuchagua ugumu wa springi na kusawazisha kona nne. Ziko za aina mbili. Kuna ambazo unapandisha kwa kuisukuma sahani ya springi, ukishusha sana unaila nafasi ya shokapu kujikunja. Na kuna ambazo mguu wa chini unazunguka wenyewe, unashusha gari bila kugusa nafasi hiyo wala kuibana springi. Kama una uwezo chukua hizo za pili. Koilova za bei ya kutupa ndani yake kuna shokapu ya bei ya kutupa, ziache. Bora springi na shokapu za maana kuliko koilova za kung'aa.

Jambo moja linalowachanganya wengi ni kwamba ukiikaza ile sahani springi haiwi ngumu. Springi ya kawaida yenye koili zinazolingana ikiwa ya kilo 6 kwa milimita ni kilo 6 leo na kesho, unachobadilisha ni urefu wa gari.

Springi ngumu kiasi gani? Jamaa anatumia kilo 12 anasema ni moto.

Muulize jamaa gari yake ina uzito gani na tairi gani, halafu muulize mgongo wake unaendeleaje.

Springi ya kilo 3 maana yake kila milimita moja ikibonyea inahitaji kilo 3. Sasa tuseme kona moja ya gari imebeba kilo 300 za mwili, na pale kwenye tairi ugumu unaofika ni kilo 3 kwa milimita. Hiyo kona ukiibonyeza ukaiachia itapanda na kushuka kama mara 1.6 kwa sekunde. Gari za kawaida za starehe ziko kati ya 1 na 1.5, za spoti za barabarani 1.5 mpaka 2, za mashindano zisizo na mabawa 2 mpaka 2.5, na zile zenye mabawa makubwa zinaenda juu zaidi kwa sababu upepo unazikandamiza. Ukiifanya springi iwe ngumu mara mbili, kilo 6, hufiki 3.2, unafika kama 2.2 tu, maana inaenda kwa kipeuo cha pili. Na hapo tayari uko kwenye mashindano.

Sasa kilo unayoisoma kwenye boksi sio inayofika kwenye tairi. Kwenye strati inakaribiana, kwa sababu springi iko karibu na tairi. Kwenye wishibon springi mara nyingi imekaa katikati ya mkono, tairi ikipanda milimita 10 springi inabonyea kama 7, na hiyo 0.7 unaizidisha kwa yenyewe, inakuwa 0.49. Kwahiyo springi ya kilo 8 inafika kwenye tairi kama ya kilo 4. Ndo maana kunakili namba za mtu mwenye gari nyingine ni kupoteza hela.

Barabara ikiwa mbovu, springi ngumu inakupunguzia kasi, tairi inaruka juu ya mabonde badala ya kuyafuata na tairi ikiwa hewani haishiki kitu. Lotus Elan ya 1962 ilisifika dunia nzima kwa kutulia kwenye kona na springi zake zilikuwa laini.

Zile klik za shokapu nazipangaje?

Klik ni hatua za kitufe cha kupangia ugumu wa shokapu. Kwanza kizungushe mpaka mwisho kuelekea ngumu, kwa mkono, usilazimishe, halafu hesabu klik ukirudi nyuma. Hiyo ndo njia ya kujua uko wapi, na hakikisha kushoto na kulia ziko sawa.

Shokapu inafanya kazi mbili. Ikijikunja inazuia tairi kupanda haraka, ikijinyoosha, yaani rebaundi, inaizuia springi isirudishe kwa fujo. Koilova nyingi zenye kitufe kimoja zinagusa zaidi rebaundi, au zote mbili kwa pamoja. Kosa la wengi ni kufunga ngumu kabisa wakidhani ndo spoti. Rebaundi ikizidi, tairi ikipanda kwenye tuta haipati muda wa kurudi kabla ya tuta lingine, kila tuta gari inazama kidogo, mwisho unaendesha juu ya mipira ya kuzuia bila kujua, na unaenda kununua springi ngumu zaidi wakati tatizo ni klik tano.

Anza katikati. Chagua kipande kimoja cha barabara unachokijua, pita, badilisha klik mbili au tatu za mbele tu au za nyuma tu, sio zote, pita tena, andika kwenye simu. Mwili ukipanda na kushuka zaidi ya mara moja baada ya tuta, ongeza. Ukihisi kila kokoto na tairi kama zinapapasa barabara, punguza.

Stabilaiza nene inabadilisha nini?

Ni ile fito inayounganisha tairi la kushoto na la kulia ili gari isilale. Ugumu wake unapanda kwa kipenyo kwa kipeo cha nne, maana yake ukitoka milimita 20 kwenda 22 tu umeongeza karibu asilimia 46. Kwa hiyo usiidharau milimita mbili.

Ukiikaza ya mbele, mbele inachoka kwanza na gari inasukuma nje ya kona, tunaita andastia. Ukiikaza ya nyuma, nyuma inakuwa nyepesi kugeuka. Gari inayovutwa na tairi za mbele ikiwekewa nene nyuma inapata uhai mpya, ndo zile Golf GTI unaziona kwenye picha zimeinua mguu wa nyuma kama mbwa kwenye mti. Inayosukumwa na nyuma ambayo difu yake haina kufuli, ukiweka nene nyuma tairi la ndani linanyanyuka mzigo na kuzunguka bure ukikanyaga mafuta kutoka kwenye kona. Na anza na linki zake, vile vijiti vinavyoiunganisha na miguu, mara nyingi stabilaiza ya kiwandani iko poa ila linki zimekwisha.

Alaimenti (kupima na kupanga pembe za tairi) ni lazima? Gari inaenda moja kwa moja vizuri.

Ni lazima, tena ukishusha bila kupiga alaimenti gari itakula tairi mpaka waya huku wewe unasifia stensi, yaani gari ilivyokaa chini.

Kemba ni tairi kulala ndani au nje ukiitazama gari kwa mbele. Tou ni tairi kutazamana au kupeana mgongo ukiitazama kwa juu. Kasta ni ule mlalo wa mguu unaofanya usukani urudi wenyewe. Kwa barabara za kila siku kemba ya kuanzia digrii hasi 1 mpaka hasi 1.5 mbele (hasi maana yake juu ya tairi kumelala ndani) inatosha, kwa siku za kwenda saketi ya mbio watu wanaenda hasi 2 mpaka 3. Tou ya mbele weka sifuri au karibu yake, ya nyuma zitazamane kidogo ili gari itulie.

Na nataka hili lieleweke, kinachomaliza tairi haraka ni tou kuliko kemba. Tairi yenye kemba hasi 2 na tou sahihi inaenda mbali vizuri tu, yenye tou mbovu ni kama unaiburuza upande kila mita unayotembea. Ukipitisha kiganja juu ya tairi ukatoka nje kwenda ndani kikateleza laini, na ukirudi kikakwaruzwa na vimeno kama vya msumeno, hiyo ni tou.

Kabla ya kupiga, tembea kilomita mia mbili hivi springi zitulie. Jaza tanki nusu, mtu wa uzito wako akae kwenye kiti, pima upepo wa tairi. Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Fundi akikwambia kila kitu kiko kijani kwenye mashine, mwambie kijani ni cha gari ya kiwandani na wewe umeleta namba zako.

Bushi za polyurethane zinafaa?

Sehemu nyingine zinafaa sana, mfano mipira ya stabilaiza na mikono inayopanda na kushuka tu. Usukani unajibu vizuri, ila mtikisiko unaingia ndani, na zisipopakwa grisi yake ya silikoni zinalia kama kitanda cha zamani. Kwenye mikono ya nyuma ya gari zenye viungo vingi, kuna bushi ambayo inatakiwa ijikunje pande zote, ukiweka ngumu hapo mguu unagoma kutembea vizuri. Raba mpya ngumu kidogo ya kiwandani inatosha hapo.

Naweza kufunga mwenyewe?

Kama una jeki nzuri, stendi nne, spana ya toki (ya kupimia nguvu ya kukaza) na uvumilivu, ndiyo. Mambo yanayoumiza watu ni machache. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kukuvunja taya, tumia kibanio kizima, kaza pande mbili kwa zamu na usiweke uso mbele yake. Kalipa ya breki usiiache ining'inie kwenye hosi ya breki, ifunge na waya. Nati ya juu ya shokapu usiipige na mashine ya upepo, fito inazunguka na inaharibu sili.

La mwisho ni lile lililonigharimu. Bolti za bushi za mikono zikazwe mwisho gari ikiwa imesimama kwenye uzito wake. Bushi ya raba imegandishwa ndani na nje, haizunguki, inajisokota. Mara ya kwanza nilikaza kila kitu gari ikiwa juu ya stendi, tairi zinaning'inia, nikashusha nikaona gari imekaa juu kuliko nilivyotarajia, nikailaumu springi. Kumbe bushi zote zilikuwa zimesokoteka zinaibeba gari. Baada ya miezi michache mbili zikachanika. Dawa ilikuwa kulegeza bolti, kuweka mbao chini ya tairi nipate pa kuingiza spana, kuidundisha gari mara tatu nne, halafu kukaza kwa toki yake.

Nimefunga, sasa kuna kelele. Nini hicho?

Kok-kok kwenye vituta vidogo mwendo wa taratibu, angalia linki za stabilaiza kwanza, halafu nati ya juu ya shokapu. Mlio kama wa gitaa ukikata usukani ukiwa umesimama, ni springi inajisokota kwasababu beringi ya juu imekufa au imefungwa vibaya. Kishindo kimoja kizito kwenye tuta kubwa, umemaliza nafasi ya shokapu, gari iko chini mno au mpira wa kuzuia ulisahaulika kwenye boksi. Usicheke, imetokea.

Rimu kubwa na spesa (vipande vya kusogeza rimu nje) zinaongeza handling?

Zinaongeza muonekano. Rimu nzito shokapu inashindwa kuituliza, na tairi nyembamba ya ubavu inapeleka kila shimo kwenye rimu. Spesa ya milimita 5 mpaka 10 iliyokaa sawasawa kwenye habu haina shida kubwa, ukizidisha beringi zinabeba wenzo mrefu na usukani unaanza kuvutwavutwa.

Taa na sensa zinaathirika?

Gari zenye taa za kujirekebisha zina kijiti kidogo kimefungwa kwenye mkono. Ukishusha, gari inadhani imebeba mzigo nyuma, inaangusha taa, usiku unaona mita chache mbele ya boneti. Kijiti kirekebishwe au taa zipimwe upya. Zenye shokapu za umeme zitawasha taa ya hitilafu kwenye dashibodi ukizitoa, kuna vifaa vya kuidanganya kompyuta ambavyo unavifunga kwenye zile plagi. Na baada ya alaimenti sensa ya usukani isetiwe upya, vinginevyo ile mifumo ya kuzuia gari isizunguke inaweza kuingia kazini wakati hujakosea chochote.

Springi na shokapu za zamani nizitupe?

Usitupe hata nati. Zipake mafuta kidogo, zifunge kwenye mfuko, andika kushoto na kulia, mbele na nyuma, ziweke stoo. Anayekuja kununua gari ataziulizia, na siku koilova moja ikivuja wakati nyingine inasubiriwa ndo utakazozifunga.